Saa Tatu ya Mashine

Nilipoandika tatu, nilimaanisha saa tatu:
jua limeshapanda juu ya mabati ya Nkuhungu,
umande umekauka kwenye majani ya mizabibu,
mkulima ameshakunywa uji, anafunga kamba za viatu,
ndipo simu imwambie kwa upole,
"Leo ni siku ya kupiga dawa ya ubwiri."

Mashine haiamki na jua.
Huanza kuhesabu usiku wa manane,
watu wakiwa wamelala fofofo,
na tatu yake ni saa tisa ya usiku,
saa ya fisi na ya wenye homa.

Arifa mia nne na kumi na mbili
zikaondoka kwa mkupuo,
Hombolo, Mbabala, Bihawana, Mpunguzi,
kila moja na kengele niliyoichagua mwenyewe
kwa kuwa ilikuwa kali, na nilitaka isikike.

Ilisikika.

Damari Ndahani wa Mpunguzi alikurupuka,
akapapasa kanga gizani, akajifunga,
akaanza kulia kabla hajasoma,
maana kaka yake alikuwa wodini mjini
na simu ya usiku, kwao, haijawahi kuleta salamu.
Majirani wawili walishafika mlangoni,
mmoja na tochi, mmoja na kigoda chake,
ndipo mjukuu akaisoma kwa sauti.
"Kafa nani?" aliuliza mwenye kigoda.
"Hajafa mtu. Tumeambiwa tupige dawa."

Asubuhi alinipigia. Hakugomba.
Angegomba ningejitetea,
ningemtajia seva na mambo ya seva.
Alisema tu: "Mwanangu, ukibisha hodi usiku,
anza kwa kusema hajafa mtu."

Siku nne sikutoka chumbani.
Umeme ulikatika mara mbili, nikaandika kwenye daftari.
Nikaifundisha programu adabu ya mgeni:
aombe ruhusa kwanza, na akinyimwa
asirudi kesho amevaa sura nyingine.
Akimkuta mwenyeji ameshafungua ukurasa,
asipige kengele, anong'one pembeni mwa skrini.
Bei tano za zabibu zisiingie kama watu watano,
ziingie kama mtu mmoja mwenye kapu.
Na ukimgusa, akupeleke palepale alipopataja,
asikuache sebuleni unatafuta mlango.
Hodi ya tatu isipoitikiwa, aondoke.

Nikafuta tokeni za simu zilizokufa.
Ya Yoshua Malogo ilinishinda:
simu ilikuwa hai, aliyekufa ni yeye,
tangu Agosti, na bado nilikuwa namkumbusha kupogoa.
Nikampigia binti yake kuomba radhi.
"Usiifute," akasema. "Nazisoma mimi.
Anayepogoa sasa ni mimi."

Mwisho nikaweka ukimya,
kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na mbili na nusu,
nikiongeza sita, nikipunguza sita,
nikihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili,
nikajaribu kwenye simu yangu, nikajaribu tena,
nikalala nayo kifuani nione kama itathubutu.
Haikuthubutu.

Desemba ikaingia na vumbi lake.
Mawingu yalikuwa yakija, yakitutazama, yakipita.
Programu haikusema kitu, haikuwa na cha kusema.
Usiku mmoja, saa tisa, ile tatu ya mashine,
simu yangu ikalia.
Si arifa. Ujumbe wa kawaida, wa shilingi chache,
umeandikwa bila nukta hata moja:

"hajafa mtu mvua imeanza mpunguzi"

Nkuhungu kulikuwa kukavu bado.
Mbwa wa jirani alikuwa amesimama uani,
pua juu, upande wa kusini.
Nikafungua dirisha bila kuwasha taa
nikakaa kuingojea.